Mlango wa Kutokea Uko Wapi? Maneno kwa Waandaaji wa Kodi Kabla ya Msimu

Haya, kuhusu kuchagua na kuhama programu za kodi, niliyasema Jumamosi moja ya Desemba 2025, kwenye mkutano wetu wa waandaaji wa kodi tunaozungumza Kiswahili hapa Marekani. Wengi hamkuweza kufika, mkaniomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziondoa. Zilikuwa chache, na mbili hazikuonekana vizuri hata na waliokaa mbele.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakubwa zangu mlionitangulia kwenye kazi hii, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na nyie vijana mliopata mwaka huu PTIN zenu, zile namba za waandaaji zinazotolewa na IRS, idara ya kodi ya serikali ya Marekani, hamjambo?

Naona macho yote yako kwenye hili boksi. Liacheni kwanza, tutalifikia.

Naomba mikono. Nani hapa amewahi kubadilisha programu ya kodi? Inueni juu. Wengi. Aliyebadilisha mara mbili aendelee kuinua. Mara tatu? Mara nne? Dada pale nyuma, mkono wako haujashuka bado. Pole sana. Baadaye utanisaidia kujibu maswali.

Na nani mwezi huu amepigiwa simu na muuzaji mwenye sauti tamu, akiahidi punguzo ukilipa kabla ya mwaka kuisha? Ehee. Mikono ni ile ile na mingine imeongezeka. Basi ndiyo maana niliomba nafasi ya leo, maana nikisubiri Januari nitakuwa nawapa rambirambi.

Sikuja kuwauzia programu, wala sikuja kuwaambia ipi ni nzuri. Nimeifanya kazi hii tangu msimu wa 1988, nimehama programu mara tano, na kila nilipohama nilikuwa nimeuliza maswali yasiyo sahihi. Niliuliza bei. Niliuliza kama ina majimbo yote. Niliuliza kama skrini yake inapendeza. Swali moja sikuliuliza hata mara moja kabla ya kulipa: siku nikitaka kuondoka, wateja wangu wanatokaje humu ndani? Mlango wa kutokea uko wapi?

Nitawarudisha nyuma kidogo, vijana mnivumilie.

Msimu wangu wa kwanza ofisini hapakuwa na kompyuta. Bosi wangu alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, penseli tatu kwenye nywele. Tulikuwa na karatasi ndefu zenye visanduku vyenye namba. Unakaa na mteja, unachukua W-2 yake, ile karatasi ya mwajiri yenye mshahara na kodi iliyokatwa, unaandika mshahara kwenye kisanduku chake, kodi iliyokatwa kwenye chake, watoto kwenye chao. Jioni karatasi zinatiwa bahashani na kupelekwa kwenye kituo cha kompyuta mji mwingine, na huko ndiko hesabu ilikofanywa. Baada ya siku kadhaa ritani, yaani fomu ya kodi ya mteja, inarudi imechapwa vizuri. Ukigundua umeandika 7 mahali pa 1, unajaza karatasi ya masahihisho, unaipeleka tena, unalipia tena, na unasubiri tena. Mteja naye amekaa mbele yako anakuuliza pesa yake iko wapi.

Yule mama alikuwa na sharti moja: karatasi haitoki mlangoni bila nakala kubaki kabatini. Hata ukiwa na haraka, hata kama mashine ya kunakili imekwama. Mimi kijana niliyetoka chuoni nikaona huo ni ushamba. Mkumbukeni huyu mama na kabati lake.

Mwaka 1990 tukanunua kompyuta. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, programu inakuja kwa disketi. Na si mara moja! Katika msimu, kila baada ya wiki moja au mbili posta inaleta disketi nyingine: fomu fulani imerekebishwa, jimbo fulani limekamilika. Disketi ya jimbo letu ndiyo ilikuwa inachelewa kila mwaka, sijui kwa nini, na wateja ndio wale wale wanaokuja wiki ya kwanza.

Mwaka huo huo IRS ikaufungua utumaji wa ritani kwa umeme, yaani kwa kompyuta badala ya posta, nchi nzima. Kabla ya hapo lilikuwa jaribio. Lilianza 1986 na waandaaji watano tu, katika maeneo matatu: Cincinnati, Phoenix, na Raleigh-Durham. Ritani 25,000, basi. Na siku zile za mwanzo, mwandaaji alipotaka kutuma, upande wa pili alihitajika mfanyakazi wa IRS awepo awashe modemu ipokee. Yaani mashine mbili zinataka kuzungumza, na lazima pawe na mtu wa kuzitambulisha!

Sisi tulipoanza, modemu ilikuwa ya kwetu na laini ya simu ilikuwa moja. Saa nne usiku bosi anasimama mlangoni kama askari, mtu asiguse simu. Modemu inapiga namba, inalia ule mlio wa paka aliyebanwa na mlango, halafu kimya. Skrini inaanza kuhesabu: 1 kati ya 14. 2 kati ya 14. Nyote mmeinama, hakuna anayepumua. 9. 10. 11. Halafu laini inakatika, na unaanza upya kuanzia 1.

Na ukishamaliza kutuma kwa umeme, ulikuwa unafanya nini? Wazee mnacheka kwa sababu mnakumbuka. Unachukua Fomu 8453, ile ya saini, mteja anaisaini kwa kalamu, unabana W-2 zake juu, unatia bahashani, unapeleka posta! Tulituma kwa umeme, halafu tukatuma kwa posta kuthibitisha kwamba tumetuma kwa umeme. Leo mteja anasaini Fomu 8879, ya kuniruhusu nitume, kwenye simu akiwa kwenye foleni ya dukani, na bado ananiambia ni usumbufu.

Palikuwa na kitu kingine miaka hiyo kiliitwa 1040PC, sijui kama kuna anayekikumbuka. Programu ilikuwa inachapa ritani nzima kama safu za namba, mstari na kiasi, mstari na kiasi, bila fomu. IRS waliipenda kwa sababu ilipunguza karatasi. Wateja waliichukia. Mzee mmoja aliigeuza juu chini, akaniuliza hii ni ritani au ni risiti ya kuku.

Basi. Nimewachekesha vya kutosha, sasa nifike kwenye jambo.

Kwa nini tunakaa kwenye programu moja miaka kumi na tano hata tukiilalamikia kila Februari? Tunakaa kwa sababu ya vidole. Wale mliotumia programu ya Drake mnajua: unaandika W2, unafika kwenye W-2. Unaandika C, unafika kwenye biashara ya mteja. Unaandika DD, uko kwenye akaunti yake ya benki. Hufikirii. Macho yako kwenye karatasi, vidole vinatembea vyenyewe, na mteja anasimulia habari za mkwe wake. Waliolelewa na Lacerte wana njia zao, waliolelewa na UltraTax wana zao. Mimi nilihama programu moja mwaka 2003, na hadi leo nikichoka sana usiku vidole vyangu vinabonyeza vitufe vya programu ile ya zamani.

Vidole ni haki yao. Msimu ni mfupi, kasi ni pesa. Lakini vidole vitajifunza upya. Kwangu mimi vilichukua Februari moja. Kitu ambacho hakijifunzi upya ni historia ya mteja. Kidole hakijui kwamba mteja ana hasara ya mwaka 2014 ambayo bado haijatumika. Programu ndiyo inayojua. Sasa, programu hiyo ni ya nani?

Tulizame hilo kidogo. Intuit waliinunua Chipsoft, waliotengeneza TurboTax, mwaka 1993. Mwaka 1998 wakainunua Lacerte ya Dallas kwa dola milioni 400. CCH, jina ambalo wahasibu wa nchi hii wamelitamka kwa heshima tangu enzi za babu zao, lilichukuliwa na Wolters Kluwer wa Uholanzi, na baadaye programu za ATX na TaxWise zikaingia chini ya paa hilo hilo. UltraTax ilianza kwa kampuni ndogo ya Michigan, leo iko kwa Thomson Reuters. Hata Drake, iliyoanzishwa mwaka 1977 katika mji mdogo wa Franklin huko North Carolina, na ambayo wengi wetu tuliiona kama duka la jirani, sasa imo kwenye kundi moja na TaxAct chini ya wawekezaji.

Sisemi hili ni baya. Baadhi ya programu hizo ziliboreka zikishapata mwenye mfuko mkubwa. Ninachosema ni kwamba mnapanga nyumba, na nyumba inauzwa mkiwa ndani na vyombo vyenu. Mwenye nyumba mpya anaweza kuwa mtu mwema. Anaweza pia kupandisha kodi, akaondoa bei ya kulipa mara moja na kuleta ya kulipa kwa kila ritani, akafunga chumba ulichokuwa unakipenda. Hukuulizwa, wala hutaulizwa. Kwa hiyo ukipanga nyumba ya namna hiyo, unatazama nini kwanza? Mlango wa kutokea uko wapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoungua.

Kuna mama mmoja, muuguzi, dada yetu wa nyumbani, mteja wangu wa siku nyingi. Yeye na mumewe walikuwa na nyumba wanayoipangisha tangu 2011. Ukitoa thamani ya kiwanja, jengo lilikuwa dola 137,500. Nyinyi ni watu wa kazi, mnajua nyumba ya kupangisha watu wa kuishi inahesabiwa uchakavu, yaani gharama yake inatolewa kwenye kodi kidogo kidogo kila mwaka, kwa miaka 27.5. Gawanyeni. Dola 5,000 kila mwaka, namba nzuri ya mviringo. Mama yule alikuwa anaijua. Kila mwaka nikimkabidhi ritani anaitafuta ile elfu tano, akiiona anatulia.

Msimu wa 2016 nilihamia programu mpya. Muuzaji aliniambia kuhamisha data ni kubonyeza kitufe. Kweli nilibonyeza kitufe. Majina yote yalikuja, anwani zikaja, watoto wakaja na tarehe zao za kuzaliwa. Nikafurahi, nikaenda kulala mapema kwa mara ya kwanza mwezi Januari.

Machi mama yule akaja kuchukua ritani yake. Akafungua ukurasa wa Jedwali E, lile la nyumba za kupangisha, akanyamaza. Halafu akaniambia kwa upole kabisa: "Kaka, hivi nyumba yangu imerudi ujana?"

Nikachungulia. Uchakavu: dola 3,526. Nikapiga hesabu kichwani, nikahisi jasho. 137,500 gawanya kwa 39. Programu ilikuwa inaihesabu nyumba ya watu kuishi kana kwamba ni jengo la ofisi! Alama ya aina ya mali haikuvuka wakati wa kuhama. Sehemu ile ilikuwa tupu, na programu mpya ikachagua yenyewe. Hakukuwa na onyo jekundu, hakukuwa na kengele. Ritani ilikuwa "safi", tayari kutumwa.

Hiyo ilikuwa dola 1,474. Nikasema sawa, nimeiona, narekebisha. Lakini nilipokuwa ndani narekebisha, nikafungua Fomu 8582, ile ya hasara zilizozuiwa. Mnajua kipato chao kilikuwa kimevuka dola 150,000, kwa hiyo hasara ya nyumba ilikuwa hairuhusiwi kila mwaka, inabebwa mbele, inasubiri siku nyumba itakapouzwa. Katika programu ya zamani palikuwa na hasara ya dola 21,400 zinazosubiri. Katika programu mpya palikuwa na sifuri.

Mfikirieni mtu anayeuza nyumba mwaka 2018, mwandaaji wake anaona sifuri, naye anaamini sifuri. Nani atajua? Mteja hajui. IRS hawatakupigia simu kukuambia umesahau kumpunguzia mtu kodi. Pesa hiyo inapotea bila hata kelele.

Nikarudi kwenye programu ya zamani ili nilinganishe wateja wengine. Ikafunguka. Ikaniruhusu kutazama. Nilipobonyeza kuchapa, ikanitaka nilipie leseni ya mwaka mpya. Sitaitaja, na msije kuniuliza kwenye chai.

Mnadhani niliokolewa na nini? Na kabati. Lile sharti la mama wa penseli tatu lilikuwa limeniingia bila mimi kujua. Kila ritani ya mtu mwenye nyumba nilikuwa nimechapa, pamoja na orodha ya uchakavu na karatasi za hesabu za ndani zisizokwenda IRS. Nilikuwa na wateja 61 wenye nyumba za kupangisha. Nilikaa nao usiku wa siku tatu, karatasi ya zamani mkono wa kushoto, skrini mpya mkono wa kulia. Tisa walikuwa na kasoro. Mmoja kiwanja chake kilikuwa kimeanza kuchakaa. Kiwanja! Mungu alikiumba kikae milele, programu ikakipa miaka 39.

Kwa hiyo nikisema mlango wa kutokea, namaanisha hivi. Siku ukiondoka, unapewa nini mkononi? Wengine watakuambia utapata PDF za ritani zote. PDF ni picha ya chakula, huwezi kuila. Uliza kama unaweza kutoa orodha ya mali na uchakavu kwenye faili inayofunguka kwenye jedwali la kawaida. Uliza hasara zinazobebwa mbele zinatoka au zinabaki. Uliza ukiacha kulipa, utaweza kufungua na kuchapa kwa miaka mingapi. Sheria inakutaka utunze nakala za ritani, au orodha ya uliowaandalia, kwa miaka 3. Nyumba ya yule mama inachakaa kwa miaka 27.5. Fanyeni hesabu wenyewe.

Na wale wenye data kwenye seva za watu, siku hizi wanaita wingu, swali ni hilo hilo, ila liulizeni kwa sauti kubwa zaidi. Siku seva ikilala Aprili 14, siku moja kabla ya mwisho wa kutuma, wewe unalala nayo.

Nigusie jambo la kulazimisha namba, kwa sababu vijana naona mnalipenda. Kila programu ina njia yake ya kukuruhusu kuandika juu ya hesabu yake. Namba inabadilika rangi, inakuwa nyekundu au ya aina nyingine, na wewe unajiona fundi.

Mwaka 2021 msimu ulifunguliwa Februari 12. Machi 11 sheria mpya ikatiwa saini, katikati ya msimu, watu wameshaanza kutuma: malipo ya ukosefu wa kazi ya mwaka 2020, hadi dola 10,200 kwa mtu, hayatozwi kodi kama kipato kiko chini ya dola 150,000. Programu hazikuwa na habari. Ofisini kwangu nilikuwa na vijana wawili. Mmoja alichukua ritani za wateja wake walioguswa, akaziweka kwenye folda moja, akawapigia simu: subirini, sasisho linakuja. Akatukanwa na wawili. Mwenzake alikuwa mwerevu. Akaenda kwenye Jedwali 1, akalazimisha kutoa 10,200 kwa mkono, akawaita wateja waje kusaini.

Sasisho likaja. Programu ikaanza kutoa 10,200 yenyewe, kama inavyotakiwa. Na ile aliyolazimisha yule mwerevu ikabaki palepale, maana umeshaiambia programu usiguse. Ritani nne zikawa zinatoa 20,400. Bahati zilikuwa hazijatumwa, zilikuwa zinasubiri saini ya mume au mke. Mmoja wa wateja aliona marejesho yamepanda akapiga simu kushukuru. Hapo ndipo tulipogundua. Na wale waliokuwa wametuma mapema kabla ya sheria? IRS walitangaza wasirekebishe ritani, wangewahesabia wenyewe. Yaani waliokaa kimya walifika salama.

Msimu huu mnaingia na sheria mpya ya kodi ya Julai 4, 2025. Bakshishi, malipo ya saa za ziada, punguzo la wazee, riba ya mkopo wa gari, yote hayo yana Jedwali jipya, 1-A. Mnakumbuka 2018, fomu ya 1040 ilipofupishwa kuwa kama kadi ya posta na majedwali sita yakazaliwa, halafu mwaka uliofuata yakawa matatu? Programu zilitetemeka. Zitatetemeka tena. Ukiona namba huielewi Februari, usiilazimishe. Iweke kwenye folda, utukanwe na wawili.

Sasa, nichagueje? Najua ndilo mlilolisubiri. Bei nitaipita haraka: kama una wateja 40, lipa kwa kila ritani, kama una 400, tafuta isiyohesabu. Usalama wa data za wateja pia nitaupita haraka, si kwa sababu ni mdogo ila kwa sababu mpango wa usalama wa maandishi ni lazima kisheria na mnatakiwa muwe nao tayari. Mnao? Mbona mnatazama chini?

Nitakalowapa ni jaribio ninalolifanya mimi. Usimpe muuzaji mteja mwepesi mwenye W-2 moja. Mteja huyo hata kikokotoo kinamtosha. Mpe wateja wako watatu wabaya kuliko wote. Yule mwenye nyumba mbili na hasara zilizorundikana. Yule mwenye biashara aliyenunua lori, akatumia uchakavu wa haraka mwaka wa kwanza, kisha akaliuza nusu bei. Na yule aliyehama jimbo mwezi Juni. Omba ahamishe hao watatu kwenye toleo la majaribio. Chapa ya zamani, chapa ya mpya, kaa chini na rula, mstari kwa mstari, mpaka kwenye karatasi za hesabu za ndani. Muuzaji akikataa kukupa jaribio hilo, ameshakujibu.

Halafu piga simu ya msaada saa mbili usiku. Usiwaambie wewe ni mteja mtarajiwa. Uliza swali la kweli: ritani imekataliwa kwa R0000-507-01, nifanye nini? Sisi wote tunajua maana yake, mtoto ameshatajwa kwenye ritani ya mtu mwingine, mara nyingi baba yake. Sikiliza anayepokea. Je, anajua, au anasoma kutoka mahali? Je, ana haraka ya kukukatia? Huyo ndiye utakayekuwa naye Aprili 15 usiku, si yule mwenye sauti tamu wa Desemba.

Na ukishachagua, usihame na wateja wote kwa siku moja. Na ukiweza kuhama Mei, hama Mei. Wauzaji wanapenda Desemba kwa sababu Desemba huna muda wa kufungua kabati.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na boksi.

Haya ndani ni disketi. Za inchi 5.25, zile pana zinazokunjika. Msimu wa 1990 na wa 1991, ofisi ya yule mama. Alipostaafu aliniachia kabati na hili boksi. Karatasi za kabatini nimezisoma mara nyingi, mwaka juzi tu nilimtafutia binti wa mteja mmoja bei ambayo baba yake alinunulia shamba, nikaipata kwa dakika kumi, maandishi ya penseli. Disketi hizi sijaweza kuzifungua tangu mwaka 2000. Programu iliyoziandika haipo, kampuni iliyoiandika ilinunuliwa, na aliyeinunua naye akanunuliwa. Juu ya hii moja ameandika kwa mkono wake, "Wateja M hadi R, wote." Wote wamo humu.

Nitaliacha hapa mezani hadi saa kumi. Mwenye mashine ya kuzisoma anione kabla sijaondoka. Chai atakunywa kwangu.